Pikapu ya mtumba ya kuvutia tela: nichukue injini gani isiyonifia mlimani?

#1 Mpukuchuaji
Wakuu, heshima kwenu. Nipo Njombe, nina mashine ya kupukuchulia mahindi, ile kubwa iliyofungwa juu ya tela la tairi mbili na injini yake. Mwezi wa sita ukifika nazunguka kijiji hadi kijiji. Mpaka mwaka jana nilikuwa nakodi trekta, lakini trekta likiingia barabara kuu ni mateso, halafu mwenye trekta ndiye anapanga leo twende kwa nani. Nimechoka.

Nina milioni 45, nataka pikapu dizeli ya mtumba. Tela na mashine yake nimepima kwenye mizani ya ghala: kilo 1,180. Wakulima wengine wananilipa kwa mahindi, kwa hiyo wakati wa kurudi kuna gunia sita hadi nane kwenye bodi, pamoja na vijana wawili wa kazi. Nilizoziangalia ni Hilux Vigo 3.0, D-Max 3.0, Ranger 3.2, na kuna mzee anauza Land Cruiser ya injini ya 1HZ. Ipi haitaniaibisha?

#2 DizeliNyeusi
Naweka kiti hapa nasubiri mafundi. Ila milioni 45 na Land Cruiser kwenye sentensi moja, mkuu, hiyo itakuwa imezikwa ikafufuliwa.

#3 Fundi_Shimoni
Mkuu, hizo nne zote zinavuta hilo tela. Swali ni ipi imetunzwa. Lakini kwa kuwa umeuliza injini, nianze na Vigo kwa sababu ndizo zinazoletwa kwangu kila wiki.

Vigo 3.0 inatumia injini ya 1KD, cc 2982, komoni reli (dizeli inapulizwa kwa presha kubwa, kompyuta ndiyo inapanga), mkanda wa taimingi (unaopanga valvu na pistoni ziende kwa zamu). Injini nzuri ila ina ugonjwa wake. Chini ya kila nozeli kuna washa (kipete) ya shaba inayoziba moshi wa mwako usipande. Ikichoka, moshi unapita kidogo kidogo na masizi yanaingia kwenye oili. Oili inakuwa kama uji wa ulezi, inakwenda kuziba chujio la sampuni, lile linalonyonya oili. Hapo pampu ya oili inavuta hewa. Dereva anaona taa ya oili inawaka mlimani inazimika kwenye tambarare, anasema "ni waya tu". Kesho yake injini imenoki.

Ukinunua Vigo, cha kwanza shusha sampu uangalie chujio, badilisha washa za nozeli na mkanda siku hiyo hiyo. Usiwashe kwenda popote kabla.

#4 MzeeWaTunduma
Vijana mnapenda komoni reli. Mimi 1HZ nimeendesha miaka 17 kwenye gari za mradi, Songwe, Rukwa, Katavi. Haina turbo, haina kompyuta. Ina nguvu kuliko hizo zote mnazotaja, cc 4,200, silinda sita, na taimingi yake ni gia tupu, hakuna mkanda wa kukatika. Mwanangu chukua hiyo ya mzee ulale usingizi.

#5 Fundi_Shimoni
Shikamoo mzee #4. Kwa heshima, mawili hapo si sahihi na la kwanza linaweza kumuua huyu bwana. 1HZ ina mkanda wa taimingi. Ukikatika, valvu zinakutana na pistoni. Asiponunua mkanda kwa sababu ameambiwa ni gia, atanunua silinda hedi.

La pili, nguvu. 1HZ inavuta kama Nm 285 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kuzungusha). Hiyo 1KD ndogo ya gia za mkono inatoa 343. D-Max 3.0 ya kuanzia 2012 ni 380, Ranger 3.2 ni 470.

#6 MzeeWaTunduma
Marahaba. La mkanda nimekubali, hizo zetu zilikuwa zinahudumiwa karakana, sisi tulikuwa tunakabidhiwa funguo. Lakini hizo namba zako hazijawahi kunilaza porini. 1HZ inapanda polepole na inafika. Hiyo ya 470 inapanda haraka mpaka inapokufa.

#7 DizeliNyeusi
"Inapanda haraka mpaka inapokufa" 😂😂 Mzee atupumzishe.

#8 NyangeWaIlula
Mpukuchuaji, mimi nina mashine kama yako, Kilolo. Nikupe kilichonipata ambacho hakuna fundi atakayekwambia.

Msimu wa pili na pikapu yangu (sitaitaja, isije ikawa vita vya mashabiki) ikaanza kuchemsha kwenye vilima. Tambarare mshale umetulia, nikianza kupanda unapanda nao. Fundi wa kwanza akatoa themostati, ile valvu inayozuia maji ya rejeta mpaka injini ipate joto. Wa pili akasema gasketi ya silinda hedi, akanifungulia injini, akanila laki saba. Bado inachemsha. Siku moja nimekaa Ruaha Mbuyuni nasubiri ipoe kabla ya kuuanza mlima Kitonga, kijana wa kuuza vitunguu akachungulia kwenye grili akaniuliza, "Mama, humu mbona kuna pumba?"

Rejeta ya kiyoyozi iko mbele, rejeta ya injini nyuma yake. Katikati ya hizo mbili kumejaa makapi ya mahindi yaliyoshikana na vumbi na mafuta, kama godoro. Kwa mbele huoni kitu, kwa nyuma huoni kitu. Tulichokonoa kwa njiti za ufagio, tukajaza nusu sado. Nilikuwa naegesha gari upande ambao mashine inatemea makapi, injini imewashwa ili nichaji simu. Feni inanyonya kama imeajiriwa.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza injini gani, uliza utaegesha wapi.

#9 Mpukuchuaji
Dada Nyange, hilo sikuwahi kuliwaza hata siku moja. Asante sana. Trekta halijawahi kunionyesha hilo.

#10 Fundi_Shimoni
Makapi sawa, ila kutoa themostati ndiyo hasira yangu. Injini ya dizeli isiyopata joto inakula mafuta na kutengeneza masizi. Aliyekutolea alitakiwa akurudishie.

#11 NyangeWaIlula
Alisema kwetu kuna joto hazihitajiki. Kilolo! Asubuhi ya mwezi wa saba tunavaa makoti mawili.

#12 Mtwapa_Boti
Salamu kutoka pwani ya Kenya. Kazi yangu ni kuvuta boti za wateja kuingiza na kutoa baharini, kwa hiyo tela ndio mkate wangu. Natumia D-Max ya kuungwa hapa Nairobi, spea zake hazinisumbui. Injini yake 4JJ1 ni ile ile familia inayopatikana kwenye malori madogo ya Isuzu, na taimingi ni cheni.

Lakini ndugu yangu Mpukuchuaji, sijaona mtu akikuuliza: hilo tela lina breki? Kilo 1,180 ni nzito. Afrika Kusini na Ulaya tela lisilo na breki zake mwisho wake ni kilo 750 kwa gari za namna hii. Injini itakupandisha, kukushusha ni kazi ya breki. Za kusukumana ni rahisi: gari ikipunguza mwendo, tela linasukuma chuma cha mbele na hicho chuma kinavuta breki za tairi zake. Haina waya wala pampu ya kuunganisha na gari.

Na je, huko kwenu tela linasajiliwa? Hapa lina namba yake inayoanza na Z.

#13 Mpukuchuaji
Halina breki mkuu. Lilichomelewa mtaani, ekseli ya gari fulani iliyokufa. Namba linayo.

#14 DizeliNyeusi
"Ekseli ya gari fulani iliyokufa" na bado unauliza injini isiyokufa.

#15 BeiPoa_Magari
Mkuu achana na za mkononi, agiza Japan moja kwa moja. Vigo ya 2010 ya Kijapani, mzee wa Kijapani alikuwa anaendea sokoni tu, kilomita elfu 60. Ingia kikokotoo cha TRA uone ushuru. Njoo inbox tukuongoze.

#16 Namba_D
Hapo #15 tusidanganyane. Hilux iliacha kuuzwa Japani 2004 na haikurudi mpaka 2017. Vigo ya 2010 ya "mzee wa Kijapani" haipo. Hizo unazoziona kwenye tovuti za wauzaji wa Japani zimetoka Thailand, ambako ndiko jina Vigo lilikotumika, au Uingereza. Si vibaya, usukani uko upande wetu. Ila ya Uingereza igonge chini ya chesisi kwa nyundo ndogo, kule wanamwaga chumvi barabarani wakati wa baridi na kutu inakula kwa ndani. Ya Thailand uliza ilibeba nini, maana kule pikapu ni lori la familia.

#17 BeiPoa_Magari
Nilimaanisha kupitia Japan.

#18 DizeliNyeusi
Kupitia kwa yule mzee wa sokoni.

#19 Kaka_Ranger
Mashabiki wa Toyota wamekaa kimya kuhusu 470. Nina Ranger 3.2, silinda tano, navuta jenereta la harusi na sherehe, tela tani moja na nusu, Dodoma mpaka Igunga. Mlima Sekenke napita gia ya nne.

Ila nitoe na ubaya wake. Kubadilisha oili ya hii injini si kama nyingine. Pampu yake ikikaa muda mrefu bila oili inapoteza mvuto, ukiwasha haipandishi. Maelekezo ya huduma ni kwamba usiache imemwagika zaidi ya kama dakika kumi. Jirani yangu alimwachia fundi gari jioni, fundi akamwaga oili, akaenda kula, mvua ikaanza, akalala kwake. Asubuhi akajaza, akawasha. Injini ililia dakika moja hivi. Hiyo gari sasa kuku wanatagia.

Ukimpata fundi anayejua hilo, chukua. Njombe wapo?

#20 Fundi_Shimoni
Hata mijini ni wachache. Wengi wanasema "acha oili ichuruzike vizuri usiku kucha". Kwa gari nyingine ni usafi, kwa hii ni mazishi.

#21 Mwalimu_Nyutoni
Naombeni nafasi, nafundisha fizikia. Tumeshika tela, tumesahau bodi.

Gunia nane za kilo mia ni 800. Dereva na vijana wawili tuweke 210. Tela la kilo 1,180 likipangwa vizuri linakandamiza mkia wa gari kwa kama asilimia kumi, yaani 118. Jumla 1,128. Dabo kebini nyingi uwezo wake ni kama tani moja, nyingine pungufu. Kwa hiyo amezidisha kabla injini haijawashwa.

Tena ule uzito wa tela haukai juu ya ekseli, unakaa nyuma kabisa ya bampa, ni mtaimbo. Unakandamiza nyuma na kuinua mbele. Ndiyo maana unaona dabo kebini zimevunjika mgongo, bodi na kebini zimeachana pale juu ukitia kidole kinaingia. Si injini iliyokufa hapo. Chukua singo kebini au kebini na nusu, bodi inakaa mbele zaidi.

#22 Mpukuchuaji
Mwalimu umenitisha. Vijana wakae wapi sasa?

#23 Mwalimu_Nyutoni
Gunia nne, safari mbili.

#24 MzeeWaTunduma
Mwalimu anajua hesabu, hajui bei ya dizeli.

#25 GunzwaMafinga
Hiyo asilimia kumi mbona mimi nafanya kinyume? Nasogeza mzigo nyuma ya tairi za tela ili gari iwe nyepesi mkiani, springi zangu zinapumzika.

#26 Mtwapa_Boti
#25 ndugu yangu, acha leo. Mkia wa gari ukiinuliwa, tairi za nyuma zinapoteza mshiko na tela linaanza kutikisa kiuno. Kwa mwendo wa hamsini huoni. Ukishuka mlima ukafika themanini linaanza kushoto kulia, na kila ukikanyaga breki linaongeza. Mimi liliwahi kunichezea na boti ya futi 19 kwa sababu mteja alijaza matangi ya mafuta yaliyo nyuma bila kuniambia. Niliachia pedali, nikashika usukani sawa bila kupigana nalo, likatulia lenyewe. Nilisimama nikakaa chini ya mnazi nusu saa.

#27 GunzwaMafinga
Kumbe ndiyo maana. Nilidhani ni upepo wa Igawa.

#28 Uchakachuzi_Hoi
Mnazungumza washa za shaba na pampu, mimi nasema ni mafuta. Komoni reli inasukuma dizeli kwa presha kubwa mno kupitia matundu membamba mno. Tone la maji au mafuta ya taa, nozeli imekwisha. Nozeli ikianza kudondosha badala ya kupuliza, inachoma kichwa cha pistoni sehemu moja, pistoni inapasuka. Hizo 1KD zinazosifika kwa kupasuka pistoni, wengi wanalaumu pistoni. Wakague nozeli kwanza. Mwaka 2011 serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa kwa sababu ya wachakachuaji waliokuwa wanayachanganya na dizeli. Usiniambie wameokoka wote.

Weka chujio la pili la maji kabla ya pampu. Lina kikombe cha kioo chini, unaona maji kwa macho.

#29 Fundi_Shimoni
Nakubali nusu. Nimefungua 1KD zilizopasuka pistoni na nozeli zake zilipimwa ziko sawa. Kuna ambao walikuwa wameongezewa nguvu kwenye kompyuta. Kuna ambao sijui mpaka leo.

#30 Dereva_Mstaafu_wa_Lori
Nyote mnaiacha miguu ya dereva. Kijana wa siku hizi anapanda mlima na tela akiwa gia ya tano, injini inatetemeka mzunguko 1,300, anakanyaga mpaka chini, moshi mweusi. Anaamini anaokoa mafuta. Hapo ndipo joto la ndani linapopanda na beringi za krenki zinapigwa nyundo. Shusha gia mapema, mzunguko uwe elfu mbili na zaidi, mguu mwepesi. Ukifika juu usizime hapo hapo. Turbo ni jekundu kama mkaa, oili ikisimama inakaangika ndani yake. Iache ingurume dakika mbili, nenda kojoa.

Na kushuka ni gia ile ile uliyopandia. Kitonga usishuke kwa breki.

#31 Namba_D
#30 nakuunga mkono kwa kushuka. Ila kuna wanaopanda kwa gia sahihi na gari inakosa nguvu ghafla, inawasha taa ya injini, ukizima ukawasha inarudi. Hiyo ni ile valvu ndogo ya kwenye pampu inayopima dizeli. Inasumbua D-Max, Vigo na Navara zilizochoka. Mafundi wanakuuzia pampu nzima.

#32 Uchakachuzi_Hoi
Na inachoka kwa sababu ya mafuta machafu. Narudi pale pale.

#33 NyangeWaIlula
Au hosi ya turbo imepasuka kwa ndani. Yangu ilipasuka upande wa chini ambako huoni. Nilisikia kama nyoka anapuliza.

#34 Mswahili_Muscat
Huku Oman Land Cruiser pikapu zinavuta mitumbwi ya wavuvi mchangani kila alfajiri, tairi zimepunguzwa upepo. Zipo nzuri, tatizo usukani wa kushoto. Mtwapa nikuulize, beringi za tela lako unazifanyaje na maji ya chumvi?

#35 Mtwapa_Boti
Nasubiri zipoe kabla ya kuingiza tela majini. Habu (kitovu cha tairi chenye beringi) ya moto ukiizamisha kwenye maji baridi, hewa ya ndani inanywea na kuvuta maji kupitia sili. Grisi inageuka maziwa. Robo saa ya kungoja inaokoa beringi. Mpukuchuaji, na wewe gusa habu zako kila ukisimama. Moja ikiwa moto kuliko mwenzake, hiyo ndiyo itakayokulaza.

#36 Mpukuchuaji
Wakuu, jana nilikwenda Makambako kuangalia D-Max 3.0, kebini na nusu, namba D. Muuzaji anataka 43. Niliwahi saa moja asubuhi ili niikute ya baridi, nikamkuta ameshaiwasha, boneti ni la moto. Anasema alikuwa anaisogeza.

Nikafungua kifuniko cha oili ikiwa inanguruma. Mvuke unatoka kidogo, kama sufuria la chai linaloanza. Kifuniko nikakigeuza nikakiweka juu ya tundu, kinacheza lakini hakiruki. Nikalala chini nyuma: pale chuma cha kuvutia tela kinapofungwa kuna matundu manne ya zamani, na chesisi upande wa kulia ina mstari wa kuchomelea umepakwa rangi nyeusi mpya. Rangi inanuka bado. Ukiangalia bodi na kebini, pengo la juu linaingiza vidole viwili, la chini kimoja.

Mita inasema 148,000. Pedali ya klachi imekwisha mpira mpaka chuma kinang'aa.

#37 Mwalimu_Nyutoni
Vidole viwili juu, kimoja chini. Mgongo huo.

#38 Fundi_Shimoni
Mvuke huo kwa injini ya moto sina wasiwasi nao sana. Rangi mbichi na mita isiyolingana na pedali iliyoisha ndiyo mashaka yangu. Kimbia.

#39 MzeeWaTunduma
Mimi mvuke unanitia wasiwasi. Ringi za pistoni hizo zimechoka.

#40 Kaka_Ranger
Chesisi inanyooshwa na kuwekewa bati pande mbili. Mshushe mpaka 35. Nilishaona lililochomelewa vizuri linavuka miaka.

#41 Fundi_Shimoni
Chesisi ya kuvutia tela? Mkuu, ikikatika inakatika na tela nyuma.

#42 Mpukuchuaji
Nimemwambia nitafikiria. Yule mzee wa 1HZ nae nimempigia, anataka 52 na hajui mkanda ulibadilishwa lini. Amesema "hiyo ni gia tupu".

#43 DizeliNyeusi
😂😂😂 Mzee #4 hebu tuambie, ni wewe unayeuza?

#44 MzeeWaTunduma
Mimi sina gari, nina ng'ombe.

#45 NyangeWaIlula
Mpukuchuaji, msimu unaanza wiki tatu zijazo. Ukikosa gari, mashine yako inapukuchua gunia ngapi kwa saa? Nina wateja huku Ilula nimezidiwa, na pikapu yangu inaweza kuja kulivuta hilo tela lako. Baada ya kuwekewa breki lakini.